Mapambo ya Harusi: Kutoka Unguja hadi Bidbid

Nyinyi mlioko Leicester, Toronto, Copenhagen na kwengineko, bila ya shaka wengi wenu mlipokuja kutuzuru Omani mmepita Bidbid bila ya kujua kuwa mmeipita. Ukitoka Maskati kwenda bara, ukishaiacha Fanja, barabara inagawika. Moja inashika njia ya Sumail, Izki na Nizwa. Ya pili inapinda kwenda Sharqiyah, yaani Ibra mpaka Sur baharini. Pale zinapoachana ndipo kwetu. Tuna ngome ya zamani kando ya wadi, tuna mitende yetu na mifereji yetu, na tuna wageni wengi ambao hawateremki garini.

Sisi tunaoandika haya ni wanawake wa nyumba moja: mama, mabinti zake wawili na mke wa kaka yetu. Kazi yetu ni kupamba kumbi za harusi, na kwa kuwa tunakaa njia panda, tunaitwa na watu wa pande zote mbili. Tulipoombwa makala tulidhani tutaeleza habari za maua na vitambaa. Tulipokaa kuandika tukaona kuwa lenye historia khasa ni jambo jengine, nalo ni yale mazungumzo ya mwanzo, kabla ya ua hata moja kununuliwa, pale mpambaji anapokaa na wenye harusi akawaambia: sisi tunaona ukumbi wenu upambwe hivi. Kupanda ngazi na kufunga vitambaa kunachosha mwili tu. Kupendekeza ndiko kunakomtoa mtu jasho, kwa sababu kila pendekezo linamwambia mwenye harusi yeye ni nani, na pengine hataki kuambiwa.

Zamani, kwa wazee wetu wa Unguja, hakukuwa na mteja. Kulikuwa na jamaa na majirani, na kulikuwa na somo. Somo ndiye aliyemlea mwari, akamfunda, na siku ikifika akampamba yeye na chumba chake. Bibi yetu, aliyezaliwa Malindi mjini Unguja, alikuwa akitusimulia namna somo alivyokuja siku kadhaa kabla ya harusi, akakaa kitako na kuuliza maswali. Mito mingapi? Kioo kikubwa cha nyumba ya fulani bado kizima? Nani mwenye asumini uani mwake mwaka huu? Huko ndiko kulikuwa kupendekeza. Hakuna aliyechora wala aliyeandika bei. Kila swali lilikuwa ni hesabu ya nani atakayeazimwa kitu gani, na anayeazimwa alijua kuwa ameshaingia katika harusi. Chumba kikipambwa, mgeni akiingia aliweza kusoma mtaa mzima ukutani: kioo cha huyu, saa ya yule, pazia la shangazi, sahani za mama wa jirani. Malipo ya somo yalikuwa kanga, chakula na heshima. Na asiyeombwa kitu chochote aliudhika.

Pambo hilo la kupanga vyombo ukutani lina umri mkubwa kuliko somo yeyote. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate za karne ya 18, ukuta wa chumba cha ndani ulijaa zidaka, safu juu ya safu za vishubaka vya chokaa iliyochongwa, na ndani mwake zikakaa bakuli na sahani za kaure zilizovuka bahari kutoka China. Hata maiti walipambiwa: kwenye makaburi ya nguzo, kama yale ya Mambrui na ya Kunduchi, watu walipachika bakuli za kaure katika nguzo yenyewe. Bibi Salme binti Said, ambaye Ulaya walimjua kwa jina la Emily Ruete, alieleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886 vyumba vya wakubwa wa Unguja vyenye mashubaka yaliyopangwa kaure na gilasi, na vioo na saa. Mtu akiingia Ibra leo, katika magofu ya nyumba za matajiri wa zamani pale Al Minzafah, atakuta mashubaka kama hayo katika kuta zilizojengwa na watu ambao baadhi yao mali yao ilitoka ng'ambo, kwetu. Nani alimfunza nani? Sisi hatuoni faida ya kugombania. Kaskazi ilileta majahazi, kusi ikayarudisha, na katika majahazi wamo mafundi na wake za watu.

Bibi yetu aliondoka Unguja baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Akakaa Dar es Salaam, kisha Dubai, na Bidbid akafika mwaka 1973, miaka mitatu baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka na kuwaita Waomani waliotawanyika warudi. Tunasema "warudi", lakini bibi alikuwa hajapata kuiona Omani maisha yake yote. Alikuja na mrashi mmoja wa fedha na besera iliyokunjwa na kushonewa ndani ya mto. Kwa vijana wasiojua, besera ni kile kitambaa kinachotandazwa juu ya nguzo za kitanda cha samadari, chenye pindo za kuning'inia, na chumba cha bibi harusi bila ya besera kwa watu wa bibi kilikuwa chumba cha mgonjwa.

Mrashi haukumpa tabu. Wanawake wa Bidbid nao walikuwa na mirashi yao, na marashi yenyewe yalitoka hapa hapa, katika mawaridi ya Jabal Akhdar yanayochumwa kila mwaka majira ya machipuko na kuchemshwa. Chetezo walikuwa nacho, udi walikuwa nao, ubani wa Dhofar ndio usiseme. Katika mambo ya harufu bibi aliona amefika nyumbani. Katika mambo ya macho ndipo palipokuwa na shida, na ya ulimi zaidi.

Mama yetu aliolewa mwaka 1976, akaolewa na mtu wa upande wa Sumail. Bibi akautoboa ule mto, akaitoa besera, akaipiga pasi ya makaa, akaitandaza. Akatunga asumini kidogo alizozipata, akazitundika kwenye nguzo. Alasiri wakaja shangazi za bwana harusi kukitazama chumba, kama ilivyo ada. Mmoja akasimama mlangoni, akauliza kwa Kiarabu, wala si kwa ubaya: hema hili ni la safari gani? Wenzake wakacheka. Bibi wakati ule Kiarabu chake kilikuwa cha msala tu, hakuwa na maneno ya kumjibu mtu. Alinyamaza mpaka wageni wakaondoka, kisha akapanda juu ya kiti, akaiteremsha besera, akaikunja. Mama aliingia chumba chenye kuta nyeupe na kioo kimoja.

Wasomaji wa rika letu hawahitaji kuelezwa. Miaka ile mtu aliyetoka Unguja akizungumza Kiswahili sokoni aligeukiwa, na jina la "Zinjibari" lilikuwa na zaidi ya maana moja. Waliorejea walikuwa wamesoma, wakapata kazi serikalini na maskulini, na wenyeji wengine waliwaona wageni waliokuja kukaa mbele. Basi nyumba nyingi zilijifunza kupima: Kiswahili ndani, Kiarabu nje. Na harusi iko wapi, ndani au nje? Hapo ndipo pambo linapokuwa mtihani. Kwa miaka kama ishirini bibi alipamba harusi za watu wetu Bidbid, Fanja na Sumail, na kila alipokuwa akipendekeza alikuwa akikata nusu. Nusu ya maua, nusu ya pindo. Vikuba ndani ya chumba, lakini si mlangoni. Besera haikutoka tena katika mto.

Mambo mengine yalikwenda haraka, nasi tutayapita haraka. Kabla ya 1970 nchi nzima ilikuwa na kilomita chache tu za lami, zikihesabika kama 10. Lami ilipofika, na umeme ukafuata, harusi zilitoka majumbani zikaingia katika mahema na baadaye katika kumbi. Taa tulizijulia kwa serikali: kila Novemba, kwa sikukuu ya tarehe 18, barabara zilivishwa bendera, matao na nyaya za balbu, na mafundi wa Kihindi waliozifunga ndio waliomfunza mjomba wetu kuunga waya bila ya kujiunguza. (Tangu mwaka 2025 Siku ya Taifa husherehekewa tarehe 20 Novemba, kwa kukumbuka mwaka 1744 Imamu Ahmed bin Said aliposhika uongozi, lakini sisi mikono yetu bado inawasha tarehe 18 ikikaribia.) Likaja neno "kosha", ambalo Waarabu wa Misri na wa Ghuba wanaliita lile jukwaa lenye kiti cha bibi harusi. Yakaja maua ya plastiki. Zanzibar nayo ilipofungua biashara katikati ya miaka ya 1980, masanduku ya maua hayo hayo yalianza kutoka Dubai kwenda Unguja na Mombasa, na jamaa zetu wa kule wakapamba kwa vitu tulivyopambia sisi huku. Safari hii pambo lilivuka likiwa limeshatiwa katika karatasi la nailoni.

Ukumbi ndio uliomzaa mteja. Chumba cha nyumbani unaweza kukipamba kwa kuazima, lakini ukumbi wa watu mia nne hauna jirani. Lazima mtu alipwe, na anayelipa ana haki ya kujua mapema anachokilipia. Sisi tulianza kuchora kwa penseli katika daftari la skuli mwaka 1996. Siku hizi tunachora kwa kompyuta, lakini kazi ni ile ile. Tunakwenda kwanza ukumbini wenyewe na futi kamba. Tunapima upana wa jukwaa na urefu wa dari, kwa sababu kosha refu chini ya dari fupi linamfanya bibi harusi aonekane amekaa ndani ya kabati. Tunatazama umeme unatoka wapi, mlango wa dharura uko wapi usizibwe, na njia ya bibi harusi kutoka mlangoni mpaka kitini ina hatua ngapi. Tunauliza saa. Wanaume wanaobeba vyuma lazima wawe wametoka kabla ya wanawake kuanza kuingia, na kinachoanguka baada ya hapo tunakipandia wenyewe na mabuibui yetu. Tunauliza mwezi, kwani Julai ukiyashusha maua garini yameshapikika. Mawaridi mengi tunayotumia yanaletwa kwa ndege kutoka Kenya, yamelimwa Naivasha. Ya Jabal Akhdar, saa moja tu kutoka kwetu na ziada, huishia katika chupa za marashi.

Kisha tunampelekea mteja michoro mitatu: wa bei nafuu, wa bei ya kati, na mmoja wa kifahari. Tutakwambieni siri ya kazi: ule wa kifahari haupo ili uchaguliwe. Upo ili wa kati usionekane ghali. Hatujioni watu waovu kwa hilo, hata muuza samaki huweka nguru mkubwa mbele.

Zamani mteja alikuja na mama yake. Siku hizi anakuja na simu, na ndani ya simu mna kosha la mtu mwengine, la Beirut au la Kuwait. Baada ya kumbi kufungwa mwaka 2020 kwa ajili ya korona, na watu kuoana majumbani mbele ya jamaa wachache, tulidhani tamaa ya makosha makubwa itapungua. Kumbi zilipofunguliwa iliongezeka.

Sasa tufike kwenye kisa chenyewe. Mwaka 2023 ilitujia familia moja ya Ibra, harusi iwe Oktoba. Walikaa barazani kwetu watatu: bibi harusi, mama yake, na bibi yake mzaa mama, aliyezaliwa Pemba, umri umeshapita themanini. Bibi harusi alitaka weupe mtupu, vioo na taa. Mama yake alitaka chochote, ila kisiwe na "mambo ya Zinjibari", kwa kuwa wakwe ni watu wa bara wasiokuwa na historia ya kule. Alilisema hilo kwa Kiarabu, taratibu, kama anayesema mbele ya mgonjwa. Bibi hakusema kitu mpaka chai ilipokwisha. Ndipo akasema kwa Kiswahili: "Mimi wanangu nataka mjukuu wangu apambwe kikwetu." Basi.

Mama yetu alilala na neno hilo. Asubuhi alitwambia mchoro huu atauchora yeye. Akauchora siku nne, na hatujapata kuona mchoro mzuri kama ule. Mlango wa Kizanzibari uliochongwa, kimo cha mita tatu, kuwa nyuma ya kiti. Zidaka kulia na kushoto, na kaure ndani yake. Tanga la jahazi juu. Vikapu vya karafuu njiani. Na juu ya kiti, kwa nguzo nne, besera yenye pindo nyekundu. Tulipoiona besera tulitazamana, tukajua anapamba harusi ya nani. Hatukumkatalia. Hilo lilikuwa kosa letu, kwani kazi ya anayependekeza ni kukumbuka ukumbi ni wa nani, na sote wanne tulisahau.

Tukaenda nao Ibra. Bibi harusi akasema mzuri, kwa adabu. Mama yake akanyamaza, uso umemvimba. Bibi tukampa miwani yake. Akautazama mchoro muda mrefu, akaugeuza, akaurudisha.

"Mzuri," akasema. "Kama ule mkahawa wa watalii aliotupeleka mjukuu wangu pale Forodhani."

"Lakini bibi, si ulisema kikwetu?" mama akamuuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Kwetu nani alikuwa na tanga chumbani, mwanangu? Karafuu tulizianika uani, tukizikanyaga. Mimi nilitaka waje watoto wa kike usiku wake, tukae chini, tutunge asumini. Tuimbe. Nimuone mjukuu wangu amekaa katikati. Hilo kosha lenu wekeni mnalolitaka."

Tulirudi Bidbid hakuna aliyesema neno mpaka Samad imekwisha. Njiani ndipo ilipotuingia kuwa kwa miaka yote tulikuwa tukipendekeza vitu vya kutazamwa, kwa kuwa vinavyotazamwa ndivyo vinavyochorwa na kulipishwa. Bibi wa Pemba alikuwa akitaka kile alichokifanya somo kwa maswali yake, yaani watu waingie katika harusi kwa mikono yao. Hata ile besera ya bibi yetu, tukaulizana, ilitandazwa na nani mwaka 1976? Yeye peke yake. Hakuwa na jirani wa kumuazima pindo wala wa kumshikia kiti. Pengine kicheko cha wale shangazi kisingemuuma hivyo lau angekuwa na wenzake watano chumbani. Hayo ni mawazo yetu tu. Mama hayakubali mpaka leo.

Tukaandika pendekezo jipya. Kosha jeupe, vioo na taa, kama anavyotaka bibi harusi. Hakuna mlango, hakuna jahazi, na mama wa bibi harusi akashusha pumzi. Chini kabisa tukaongeza mstari: "Usiku wa kutunga asumini, nyumbani kwa bibi, jioni ya kabla ya harusi." Mbele yake, mahali pa bei, tukaweka kistari. Mjomba wa bibi harusi, ambaye ni mhasibu, alitupigia simu kuuliza kistari hicho kina maana gani, na kama ni bure basi kwa nini kimeandikwa. Tukamwambia tumekiandika kisije kikasahauliwa. Akataka kujua nani atawajibika maua yasipopatikana. Swali la haki. Tukamwambia: nyinyi.

Na kweli ilibidi wao wahangaike. Oktoba asumini bado zipo, lakini hakuna uwa mmoja wenye za kutosha. Binti mmoja akapita kwa majirani wa Ibra, mwengine akapiga simu Al Mudhayrib, sisi tukazunguka Bidbid na Fanja nyumba kwa nyumba na mabakuli, alasiri, zikiwa bado vichomozo. Zaidi ya nusu ya waliotupa hawakuwa watu wa Unguja wala hawajui neno moja la Kiswahili. Waliuliza ni za nani, wakaomba wapelekewe salamu. Wawili walituuliza kama wanaweza kuja. Mmoja katika wawili hao, tukaja kujua usiku ule, alikuwa jamaa wa bwana harusi.

Walikaa chini wanawake kama thalathini, juu ya mikeka na mazulia, sindano na uzi mkononi. Bibi aliwafunza kupitisha sindano kwenye kikonyo, usije ukalipasua ua. Waliokuwa hawajui Kiswahili waliimba za kwao, nasi za kwetu, na katikati kulikuwa na vurugu tupu. Mama yetu alikaa karibu na mlango, akitunga bila ya kuinua kichwa. Saa sita za usiku tukahesabu makoja 41. Moja lilikuwa refu kuliko yote, limekunjwa mara tatu, nalo mama hakulitia katika beseni pamoja na mengine. Tuliyafunga kwa kitambaa kibichi, tukayatia katika friji la jirani kwa kuwa la bibi lilijaa nyama ya harusi, na sisi tukenda kulala juu ya mikeka ile ile. Kesho yake tulikuwa na kosha la kusimamisha, na mafundi wa vyuma walitakiwa watoke ukumbini kabla ya alasiri.